Siku Nyumba ya Bi Clo Ilipoimbiwa Wimbo wa Mfalme

Shangazi yangu Clotelle Gittens alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: kofia yake ya kanisani na nyumba yake. Kofia ilikuwa mbaya. Juu yake alikaa ndege wa kitambaa aliyebakiwa na jicho moja, na ukipata bahati mbaya ya kukaa nyuma ya Shangazi kanisani, mnatazamana na lile jicho mpaka ibada iishe. Lakini nyumba ilikuwa nzuri. Hata maadui zake walikiri, na maadui alikuwa nao wa kutosha.

Ilikuwa nyumba ya mbao, vyumba viwili, paa la mgongo mkali, imekaa juu ya mawe makavu bila tone la saruji. Katika Barbados ya wakati ule ndivyo tulivyokaa watu wa namna yetu: mbao zako, ardhi ya shamba la miwa. Msimamizi wa shamba akikuchoka, unabeba nyumba yako unaondoka. Babu yangu alikwenda Panama kuchimba mfereji na hakurudi. Kilichorudi ni pesa, na bibi akazigeuza mbao upesi kabla ndugu hawajafika kumpa pole. Shangazi alikuwa akiugonga ukuta kwa kiganja na kusema, "Huyu ndiye baba." Nilipokuwa mdogo nilidhani babu yumo mle ndani ya ukuta kweli, nikawa nakataa kulala upande ule.

Shangazi alizaliwa Merrivale, shamba la miwa, na kabla ya haya ninayosimulia alikuwa ameshahama mara mbili, zote ndani ya shamba hilohilo. Mara ya kwanza mbuzi wake alikula miche ya msimamizi. Mara ya pili alimwambia mke wa msimamizi, mbele ya watu, kwamba keki yake haikuiva katikati. Kila mara nyumba ilivunjwa vipande ikasogezwa pembeni, mpaka ikafika ukingoni kabisa, ikawa jirani na shimo la samadi. Watu wakamwita Kobe. Hakuchukia hata kidogo. "Kobe hajapanga kwa mtu," alijibu.

Hakuolewa. Darnley Holder, seremala, alimchumbia ujanani, nao walipendana vizuri tu mpaka lilipokuja swali la wataishi wapi. Darnley alikuwa na nyumba yake, Shangazi ana yake, na hakuna aliyekubali kuiacha. Wakabaki marafiki wa kugombana kila Jumamosi, jambo ambalo, nikiwatazama waliooana, sikuona lina tofauti kubwa.

Sebuleni alitundika picha ya Mfalme aliyoikata kwenye kalenda. Ubaya wote wa Merrivale aliutwika msimamizi, Mfalme hakuhusika. "Mfalme hajui," alisema. "Angejua, Carrow angekiona." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimehudhuria mikutano miwili ya chama cha wafanyakazi, na kwa hiyo nilijua kila kitu. Nikamwambia kwamba Mfalme na Carrow wanakula meza moja. Akaninyima chakula cha jioni.

Bwana Carrow ndiye aliyekuwa msimamizi. Sheria yake ilikuwa fupi: ukilala kwenye ardhi ya shamba, unapalilia miwa ya shamba, kwa ujira anaoutaka yeye. Shangazi alipofika umri wa kuumwa mgongo aligundua kwamba kuuza mkate wa nazi kule barabarani Boxhill hakuhitaji kuinama. Akaacha kupalilia. Carrow akatuma neno: apalilie au ahame. Shangazi akamjibu kwamba nyumba yake ina miguu. Ndipo Carrow akampa mwisho, Jumatatu ya Pentekoste. Jioni ile ikipita, atapitisha plau, na mbao zitakazokutwa pale zitakwenda kuwa kuni za kiwanda cha sukari.

Shangazi hakutaka tena kusogezwa pembeni ya Merrivale. Alitaka Boxhill, kwenye kilima cha Elric Boyce, fundi viatu, aliyekuwa na ardhi yake mwenyewe na alikuwa akiiuza kidogokidogo kwa watu wa kwetu. Kiwanja kimoja kilikuwa kimebaki. Elric alimwahidi Shangazi. Aliwaahidi pia wazee wa kanisa lake, kwa kuwa Elric alikuwa mtu wa kukubaliana na yeyote aliyesema naye mwisho. Pande zote mbili zilipombana, akatoa hukumu: atakayetangulia kusimamisha kitu pale, ndiye atakayeuziwa. Wazee wa kanisa walikuwa wameshapanga kuleta mawe yao ya msingi Jumanne asubuhi. Kwa hiyo ilikuwa Jumatatu ile, au basi. Nyuma kuna plau, mbele kuna wazee wa kanisa, na baba yake Shangazi amekaa katikati juu ya mawe makavu.

Jumatatu ya Pentekoste ni sikukuu, na sikukuu ndiyo siku ya kuhamisha nyumba, maana watu hawapo kazini na wanakuja kwa hamu ya kusaidia, na ya kula. Tulipika ugali wa bamia na samaki, tukaweka na ramu, tukaificha mpaka kazi ianze. Lori likaja. Darnley akaja na nyundo zake, akaizunguka nyumba akiipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Basi tuanze na ukuta wa mashariki," alisema. "Saa sita tutakuwa tumeshaivunja yote."

"Haivunjwi," alisema Shangazi.

"Haivunjwi vipi?"

"Mara ya mwisho mliivunja mkapita nayo wazi mbele ya Merrivale nzima. Watu wakaona mpaka ninapoweka chungu changu cha haja. Safari hii inakwenda nzima, na mapazia yake imeyavaa."

"Clo, barabara ya Boxhill ni nyembamba."

"Barabara iko vilevile. Wewe ndiye umenenepa."

Watu wakacheka, na Darnley akajua ameshashindwa. Wakaleta majeki na magogo, wakaiinua nyumba kwa kelele na matusi ya kirafiki, wakaisogeza juu ya lori shubiri kwa shubiri. Ilipokaa sawa, kuta zilikuwa zimelizidi lori kila upande. Mimi nilipewa kazi ya kukaa ndani na kulikumbatia kabati la vyombo lisianguke. Shangazi alipanda akaweka kiti mlangoni, akavaa kofia yake, akakaa akiangalia mbele. Hatukumwona akigeuka kuangalia lile shimo la samadi.

Hatukujua, na hakuna aliyetuambia, kwamba siku ileile mkubwa mmoja kutoka Londoni, Sir Aubrey Tillcott, alikuwa anazungukia makoloni kuona tunavyoendelea, na kwamba baada ya kutazama kiwanda cha Merrivale angepita barabara ileile kwenda kufungua bomba la maji la Boxhill. Watoto wa shule walikuwa wametolewa kwenye sikukuu yao, wamepangwa kandokando ya barabara na vibendera, wamenuna. Walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi. Hakuna aliyejua mgeni anafananaje, kwa hiyo mwalimu mkuu aliwaambia, kwa haraka ya mtu mwenye mambo mengi, "Mkiona chombo kikubwa kinakata kona, imbeni. Msingoje niwaambie."

Na sisi ndio tuliotangulia kukata kona.

Nilikuwa nimelikumbatia kabati nikasikia sauti za watoto zikilipuka nje: Mungu amlinde Mfalme, kwa nguvu zote, kila mmoja na sauti yake. Nikachungulia dirishani. Vibendera vilikuwa vinapepea kulia na kushoto. Bendi ya kanisa, watu watatu na ngoma, ikaingia kwa kuchelewa. Dereva wetu alikuwa mtu mwenye adabu. Alipousikia wimbo wa Mfalme alisimamisha lori katikati ya barabara, akavua kofia. Na Shangazi yangu akasimama mlangoni, wima, mkono kifuani, ndege wake anatikisika. Hakushangaa hata kidogo. Nadhani aliona wamechelewa tu kumfanyia hivyo.

Wimbo ulipokwisha alijitokeza Konstebo Lashley, ambaye jasho lilikuwa limeshampitiliza kola.

"Bi Clo! Bi Clo, nini hiki?"

"Nyumba. Hukuwahi kuiona? Ulikuwa ukija kula mkate wa nazi humuhumu, wewe mtoto wa Enid."

"Mgeni wa Serikali yuko nyuma yenu! Ondoeni hiki kitu barabarani. Ingieni hapo shambani mpaka apite."

Alionyesha mwanya kati ya miwa. Ulitosha kabisa. Dereva alishaanza kuukata usukani.

"Ukiingia humo," Shangazi alimwambia dereva, "utaendesha na mimi nikiwa chini ya gurudumu."

"Ni dakika chache, Bi Clo!"

"Hiyo miwa ya nani, Lashley?"

Lashley akaitazama miwa. "Ya Merrivale."

"Na udongo huo umenyeshewa, sivyo? Lori likizama humo na mzigo huu, linatoka lini? Keshokutwa? Jioni ikinikuta kwenye ardhi ya Carrow, nyumba hii ni kuni. Nimeambiwa hivyo kwa mdomo wake. Sasa wewe nikamate, nifunge, nipige ukitaka, lakini gurudumu la nyumba yangu halirudi Merrivale."

Alisema haya kwa sauti ya kawaida, lakini alikuwa ameukumbatia mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, kama mimi na lile kabati. Nilizoea kumcheka Shangazi. Nilicheka kofia yake, nilicheka picha yake ya kalenda, na siku ile mpaka pale nilikuwa nacheka tu. Pale nikaogopa. Nikaona kwamba mwanamke huyu, akiondolewa hizi mbao, hana chochote duniani. Na kosa lilikuwa lake, maana nyumba ingekuja vipande ingepita popote! Nilimwonea huruma na nilitaka kumzaba kofi, vyote pamoja.

Darnley alimsogelea konstebo. "Lashley, twende tu mbele, tuko karibu kufika."

"Siwezi kumtanguliza na nyumba mbele ya mgeni wa Serikali! Nitaandikwa nini mimi?"

Na hapo gari jeusi likakata kona, likasimama nyuma yetu. Mwalimu mkuu, alipoiona bendera ndogo mbele ya gari, akaelewa kilichotokea, akashika kichwa. Kisha akafanya alichofundishwa. Akainua mikono. Watoto wakaanza wimbo upya.

Sasa hapo hapakuwa na wa kusogea. Lashley akakauka, mkono wa saluti kwenye paji la uso. Dereva akavua tena kofia. Sir Aubrey akashuka garini, mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akasimama wima nyuma ya nyumba yetu akitazamana na pazia la chumba cha kulala. Barabara ilikuwa wazi mbele yetu, polisi amegandishwa na Mfalme mwenyewe, na nafasi nzuri kuliko ile haiji mara mbili. Nilimnong'oneza Shangazi, "Mwambie dereva twende! Sasa hivi!"

Akanigeukia kwa macho makali. "Wakati wa wimbo?"

Ndivyo alivyokuwa. Angeweza kufungwa, lakini si kukosa adabu.

Ulipokwisha, Sir Aubrey alipita kando ya lori akiinama chini ya ukingo wa paa, akafika mlangoni akiwa na uso wa mtu aliyeandaliwa jambo zuri. Alidhani sisi ni maonyesho. Alidhani shule imebuni njia ya kumwonyesha makazi ya wenyeji, na imefanya vizuri sana.

"Nyumba safi kabisa," alisema. "Ni yako, mama?"

"Ni yangu."

"Na inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwake, bwana."

"Ajabu! Na kwa nini imeondoka ilipokuwa?"

Lashley alifumba macho. Hapo ndipo niliposema moyoni: haya, Shangazi, sasa. Mtu wa Mfalme huyu hapa, Londoni nzima imesimama chini ya mlango wako. Mwambie plau. Mwambie kuni. Mwambie mgongo wako. Si ulisema Mfalme hajui?

Shangazi alimtazama yule mzungu kwa muda. Alikitazama kile kiatu chake kilichong'aa, akatazama na nyuma yake, kwenye gari, ambako kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekaa Bwana Carrow mwenyewe, ubavuni mwa nafasi ya Sir Aubrey, akijifanya anatafuta kitu sakafuni. Nilimwona Shangazi akimwona. Kitu fulani usoni mwake kikajifunga taratibu, kama dirisha.

"Haikupenda majirani," alisema.

Sir Aubrey alicheka mpaka akatoa leso. Akasema amezunguka visiwa vingi na hajapata jibu zuri kama lile. Akauliza jina lake, akarudia "Clotelle Gittens" mara kadhaa asije akasahau. Kisha akamwambia Lashley kwamba haitakuwa uungwana kumpita mwanamke anayekwenda nyumbani kwake, wao watafuata nyuma. "Tangulia, Konstebo. Safisha njia."

Basi tukaingia Boxhill hivyo. Mbele Konstebo Lashley, kifua nje, akifukuza mbuzi na watazamaji. Halafu nyumba ya Shangazi, mapazia yanapepea. Halafu gari la Serikali, taratibu, na Carrow ndani yake. Halafu bendi ya kanisa, watoto, na mbwa wote. Elric Boyce alikuwa kilimani. Alipoona msafara ule unapanda kuelekea kwake alivua aproni ya kazi akaikunja, akamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba yeye siku zote alikusudia kumuuzia Bi Clo. Jua lilikuwa bado liko juu nyumba ilipokaa kwenye mawe yake. Tukala, tukaitoa ramu.

Usiku ule Shangazi aliishusha picha ya Mfalme ili Darnley anyooshe ukuta, na aliniambia niiweke kabatini kwa muda. Sikumuuliza kitu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na ukweli upande wangu na sikuona raha yoyote kuutumia.

Jumanne alfajiri wazee wa kanisa walifika na mkokoteni wa mawe. Walimkuta Shangazi anafagia uwanja. Akawapa chai na mkate wa nazi, akawasikiliza masikitiko yao, kisha akawaomba wayaache yale mawe palepale, kwa kuwa alikuwa hajapata ngazi ya mlangoni. Wakayaacha. Sijui aliwafanyaje.

Saa nne hivi tukasikia farasi. Tulikuwa ndani, mimi, Shangazi na Darnley aliyekuja kusawazisha sakafu. Alikuwa Carrow. Alipanda na farasi wake mpaka chini ya dirisha, kama alivyozoea Merrivale, ambako ua wa mtu haukuwa ua kwake, na akasemea hukohuko juu ya tandiko.

"Clotelle! Najua umo. Sir Aubrey anataka kuja kunywa chai kwako Alhamisi kabla hajaondoka. Hasemi jingine ila wewe. Nimemwambia wewe ni mtu wetu wa Merrivale. Sasa sikiliza, mambo yale tuyaache. Kuna kiwanja kule mbele karibu na barabara, kizuri, rudi ukichukue. Na kupalilia hutapalilia."

Darnley alinitazama. Ilikuwa ahadi kubwa. Hakuna mtu wa Merrivale aliyewahi kusikia neno kama lile likitoka mdomo ule.

Shangazi hakusogea kwenye kiti. "Ni nani huyo aliye uani kwangu?" aliuliza, kwa sauti ya kwenda nje.

"Ni mimi, Carrow! Unanijua."

"Sikusikia hodi."

Carrow akacheka. Kisha akaacha. Watu wa Boxhill walikuwa wameanza kutoka milangoni, mmoja na ufagio, mwingine na kikombe, na Elric Boyce juu kwenye kizingiti chake. Nilimwona Carrow akiwaangalia, akiangalia na ardhi iliyo chini ya nyumba, ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa ya shamba lake. Nadhani alimfikiria Sir Aubrey na chai yake. Akamgeuza farasi, akarudi mpaka barabarani, akashuka, na alipoanza kupanda tena kwa miguu alikuwa amevua kofia.

"Hodi," alisema.

Shangazi alisimama akaichukua kofia yake ya ndege msumarini. Akaivaa mbele ya kioo, polepole.

"Hodi!"

"Jibu basi, Clo," alinong'ona Darnley.

"Bado." Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta, na midomo ilikuwa inacheka. "Mimi nimemngoja tangu nizaliwe. Naye angoje kidogo."

"Hodi, Bi Gittens."

Shangazi akafungua mlango. Akamtazama chini pale aliposimama, kwa macho ya mtu anayejaribu sana kukumbuka.

"Nani?"

"Carrow."

"Carrow wa wapi?"

Carrow akaizungusha kofia mkononi, watu wote wanamsikiliza. "Wa Merrivale," alisema.

"Aa, Merrivale," alisema Shangazi yangu. "Niliwahi kukaa huko."